Mchukua Taa Hakufa

Waliosoma vitabu vyake kabla ya kumwona walidhani watakutana na mwanamke mkavu, asiyecheka, mwenye macho ya mtu anayelala makaburini. Waliyekutana naye alikuwa mama wa makamo, mnene wa kutosha, mwenye mwanya, anayecheka mpaka anatafuta ukuta wa kuegemea. Aliishi juu ya saluni ya mdogo wake, na meza yake ya kuandikia ilikuwa karibu na dirisha, ambapo harufu ya mafuta ya nywele na mngurumo wa mashine za kukaushia vilimpandia kutoka chini tangu asubuhi. Hapo, katikati ya umbea na vicheko vya watu wengine, ndipo alipozika wana wa wafalme wakiwa hai, akachoma miji, akageuza mito kuwa lami.

Hadithi yake ndefu iliitwa Taji la Masizi, na kwa ajili hiyo wasomaji walimbatiza jina la Bi Masizi. Ilihusu nchi ambayo jua lake lilikuwa likipungua mwaka hadi mwaka kama kipande cha sabuni. Aliyekuwa akilimaliza ni Bwana wa Kina, mtawala aliyekaa chini ya ardhi, nyuma ya lango moja kubwa. Binti wa Mfua Vyuma akapata taji lililotengenezwa kwa masizi, lenye nguvu ya kumwangusha Bwana huyo, ila kila alipolivaa alimsahau mtu mmoja aliyempenda. Kitabu cha pili kilipoisha alikuwa amekwisha kumsahau mama yake mzazi, na wasomaji walilia kama waliofiwa.

Lakini kipenzi cha watu hakuwa huyo binti. Kipenzi cha watu alikuwa Mchukua Taa, mzee mwoga, mlafi, mlalamishi, aliyepewa taa abebe kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkabidhi mkuki. Alimfuata binti kila mahali akinung'unikia magoti yake. Katika kitabu cha tatu wawili hao walifika langoni, na lango, kama kila msomaji alivyojua tangu mwanzo, halifunguki ila kwa damu ya asiye na hatia.

Bi Masizi hakumuua yule mzee kwa mchezo. Kulikuwa na swali lililomkaa kooni tangu aanze kushika kalamu: mtu mwema akishika nguvu mbaya kwa nia njema, wema wake unabaki wapi? Alizunguka miezi mingi akitafuta njia ya pembeni, asiione. Siku aliyoiandika sentensi yenyewe alishuka saluni macho yamemwiva, akajitupa kwenye kiti cha wateja.

"Nimemuua," akasema.

Mdogo wake, aliyekuwa na kichwa cha mteja kati ya magoti yake na chanuo mdomoni, hakuinua hata uso. "Nani tena?"

"Mchukua Taa."

Mteja aligeuka ghafla, msuko ukamponyoka msusi. "Yule mzee wa magoti? Alikukosea nini?"

"Hakunikosea kitu. Ndiyo maana amekufa. Asipokufa yeye, kitabu chote ni uongo."

"Basi andika uongo, dada," mdogo wake akasema, akimrudisha mteja kichwa kwa nguvu. "Mimi giza lako ndiyo maana sisomi. Umeme wenyewe unakatika kila siku, nikalinunue na giza la kitabu?"

Mswada ukaenda kwa mchapishaji, na kutoka kwa mchapishaji ukafika mezani kwa msahihishaji, ambaye katika kiwanda cha uchapaji wote walimwita Bwana Nukta. Ndiye aliyesahihisha vitabu vyote vya Bi Masizi, ingawa hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa simu tu. Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, ya mtu anayeogopa kukanyaga kitu.

"Ukurasa huu farasi anakunywa maji," alimwambia wakati mmoja. "Farasi huyu alikufa sura ya nne."

"Labda ni ndugu yake."

"Niandike hivyo?"

"Natania, Bwana Nukta."

"Aha," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeandika pembeni kwamba hapa palikuwa na utani.

Bi Masizi alizoea kuzisubiri simu hizo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Safari hii, hata hivyo, msahihishaji alipiga mara moja tu. "Huyu mzee," akasema. "Ni lazima?"

"Ni lazima."

"Sawa." Akakata simu bila kuaga, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Kitabu kilizinduliwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa maktaba. Viti vya plastiki vilijaa, waliochelewa wakasimama kando ya makabati, na kipaza sauti kilipiga mluzi kila mtu alipokisogelea. Maboksi yalikuja moja kwa moja kutoka kiwandani, vitabu bado vina harufu ya wino, kurasa zimeng'ang'aniana. Bi Masizi hakuwa amekifungua hata kimoja. Alichukua nakala ya juu, akaitafuta sura ya lango, akakohoa, akaanza kusoma.

Alisoma vizuri. Watu walikuwa kimya kiasi kwamba feni ilisikika ikikwaruza. Walijua pa kuogopa. Binti alipochomoa kisu, muuguzi mmoja aliyekuja na sare zake za kazi alijifunika uso kwa kitabu.

"Binti wa Mfua Vyuma alifumba macho, akashusha kisu," Bi Masizi akasoma. "Lango likaguna. Lango likafunguka. Mchukua Taa hakufa."

Mdomo ulitangulia, masikio yakafuata. Akaiangalia tena ile sentensi. Aliandika *akafa*. Kidole chake kilikuwa kimekaa juu ya *hakufa*, jeusi juu ya weupe, limekaa vizuri kama lililozaliwa hapo.

Kwa muda ukumbi ulikuwa kama sufuria inayokaribia kuchemka, kisha ukachemka. Watu walisimama juu ya viti. Muuguzi alimkumbatia mwanamume asiyemjua, na mwanamume huyo hakuonyesha nia ya kuachiliwa. Dereva mmoja wa lori, mtu mkubwa kama kabati, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na mlango, aliteleza na ukuta mpaka akakaa sakafuni, akashika kichwa, akasema polepole, "Mzee wangu yuko hai." Mdogo wake Bi Masizi, yule asiyesoma giza, alionekana akipiga vigelegele katikati ya safu ya tatu.

Mstari wa mbele, mchapishaji aligeuka rangi ya jivu.

Bi Masizi alifungua mdomo aseme ni kosa la uchapaji. Alitaka kusema. Lakini alipomwangalia yule dereva pale chini, kitu kilimpanda kutoka tumboni, kikapita kifuani, kikatoka kama kicheko ambacho hakukituma yeye. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Ukumbi ukadhani ni furaha ya mwandishi aliyewategea wasomaji wake mtego mtamu, nao ukacheka naye.

Mwalimu mmoja mstaafu, mwenye koti licha ya joto, alinyoosha mkono na kuungoja utulivu. "Nina swali," akasema. "Lango linataka damu ya asiye na hatia. Damu haikumwagika. Limefungukaje?"

Lilikuwa swali la haki. Bi Masizi akafanya kama wanavyofanya walimu wasiojua: akaligeuza. "Nyinyi mnaonaje?"

Dereva alijibu kutoka pale sakafuni. "Kwani nani alisema linataka damu?"

"Imeandikwa kitabu cha kwanza," mwalimu akasema.

"Imeandikwa, sikatai. Lakini aliyesema ni nani? Ni Bwana wa Kina mwenyewe. Mimi nimepita vizuizi vingi barabarani, mwalimu. Kila mahali, anayekuambia huwezi kupita bila kutoa kitu ni yule yule atakayekipokea."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisubiri tena, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti. "Tuseme ni hivyo. Tuseme lango lilikuwa likifunguka kwa kusukumwa tu. Basi wale wote waliochinjwa hapo miaka elfu, baba akimtoa mwana, ndugu akimtoa ndugu, walikufa kwa ajili ya nini?"

Vicheko vilikatika. Mwishowe dereva akasema kwa sauti ndogo, "Hilo sasa ndilo linalotisha."

Bi Masizi alikuwa amefikiri kwamba kitabu chake ndicho chenye giza kuliko vyote alivyowahi kuvisoma. Na hapa, kwa neno moja ambalo si lake, walikuwa wamemfungulia giza lenye kina zaidi, na wakalifungua huku wakikumbatiana. Alitia sahihi nakala zote akirukaruka kidogo kitini kama mtoto anayeshikilia siri.

Hasira ilimjia Jumapili, baada ya furaha kupoa. Jumatatu asubuhi aliingia kiwandani na mswada wake kwapani. Mchapishaji alimpokea mlangoni akisema lazima mtu afukuzwe, ila hajajua ni nani. Bi Masizi akamwambia aache kwanza, akapita kando ya mtambo uliokuwa ukitapika kalenda, akasukuma mlango wa chumba kidogo cha nyuma.

Mwanamume aliyekuwa humo alisimama. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, na kalamu nyekundu alikuwa ameishika kama mtu aliyekamatwa nayo.

"Ni mimi," akasema kabla hajaulizwa.

Ilikuwa sauti ile ile ya simu, na kwa muda Bi Masizi alisahau alichokuja kusema. Kisha akakikumbuka. "Umeingia kwenye nyumba yangu ukahamisha ukuta."

"Najua."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ndiyo maana watu huuliza."

Bwana Nukta aliinamisha kichwa. Akaeleza bila kujipamba. Aliishi na mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yameingia ukungu na hawezi tena kusoma. Kila jioni alimsomea mswada alioupeleka nyumbani, na mama alimpenda Mchukua Taa kama kaka yake wa damu. Alipofika langoni, ulimi ulikataa. Akasema hakufa. Baada ya hapo mama alitaka kujua alikokwenda, na ikabidi amtungie safari, kisha safari nyingine, mpaka akawa na mzee mzima wa uongo wa kumtunza. "Nikafikiria kitabu kikitoka, jirani atakuja kumsomea," akasema. "Mama atajua nilimdanganya. Nikashika kalamu. Ni neno moja tu, nikajiambia."

"Unajua sasa hivi unafanana na nani?"

"Binti wa Mfua Vyuma," akajibu bila kusita. "Kitabu cha pili. Alipowaficha watu wa bondeni kwamba mto wao umekufa, kwa faida yao wenyewe."

"Na ilikuwaje?"

"Wakafa kwa kiu wakiwa wamemwamini." Akaiweka kalamu nyekundu mezani. "Sura ile niliisahihisha nikilia."

Bi Masizi alikuwa amejiandaa kwa mtu atakayejitetea. Kwa mtu anayeijua dhambi yake kwa namba za sura hakuwa amejiandaa. Hasira ikatafuta pa kushika, ikateleza. Alijaribu kukunja uso, mwanya ukamsaliti.

"Nipeleke kwa mama yako," akasema. "Nitamwambia mwenyewe. Tuone nani atavunjika."

Nyumba ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kiwandani, yenye ua mdogo uliojaa nguo za kuanikwa. Mama mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni la vitunguu mbele yake, anamenya kwa kupapasa, haraka kuliko wenye macho. Alimpokea mgeni salamu yake, akaitika marahaba, akamvuta mkono akaupapasa.

"Mkono laini," akasema. "Huu haufui. Wewe nani, mwanangu?"

"Mimi ndiye niliyemwandika Mchukua Taa, mama."

Kisu kilisimama. Bi Masizi hakuzunguka. Alikaa chini kwenye mkeka, akamweleza yote: kwamba alivyoandika yeye, mzee alikufa pale pale langoni, na yaliyofuata yalitungwa na kijana wake. Bwana Nukta alisimama kati ya mashuka mawili mabichi kama mtu anayesubiri hukumu, na moja lilikuwa likimdondokea begani.

"Alikufa vizuri?" mama akauliza.

"Aliomba taa iachwe ikiwaka."

"Mm. Hilo ni neno." Akageuka, akautafuta upande aliko mwanawe, akaukosa kidogo, akalisemesha shuka. "Wewe. Nimemzika baba yako. Nimewazika wazazi wangu na dada zangu wote wawili, na kila mara nikarudi nyumbani nikawasha moto nikapika, watu wakala. Leo ukaona nitavunjwa na mzee wa karatasi?"

"Niliogopa, mama."

"Uliogopa kwa ajili yako. Wewe ndiye unayempenda, mimi umenifanya kisingizio." Akaokota kitunguu kingine. "Na nilikuwa nashangaa. Tangu atoke langoni, huyo mzee hafi hata akichemshwa. Juzi kafukuzwa na chui watatu, kaanguka juu ya mkokoteni wa pamba. Kabla ya hapo kamezwa na samaki, akatemwa kwa sababu ya kulalamika. Nikasema moyoni, huyu mwandishi kachoka. Mzee asiyeweza kufa anachosha kama mgeni asiyeaga."

Bi Masizi alikuwa ameshaanguka ubavu kwenye mkeka. Samaki ndiye aliyemmaliza. Alicheka bila sauti, machozi yanatiririka, na haikujulikana ni vitunguu au ni nini. Bwana Nukta, aliyekuwa mwekundu masikio, alijaribu kusema kwamba sehemu ya samaki ilikuwa na mantiki yake, na hapo mama naye akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na mwishowe mwanamume mwenyewe akalivua shuka begani, akakaa chini, akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, kicheko cha ajabu chenye kwikwi.

Walipotulia, Bi Masizi alijifuta uso. "Basi, mama, toleo la pili nirudishe alivyokuwa? Afe?"

"Mimi siamui. Kitabu chako." Mama akafikiri. "Ila niambie. Huyo binti, kisu alikishusha?"

"Alikishusha."

"Alikishusha kweli, au alisitasita?"

"Alifumba macho, akakishusha."

"Na mzee, kama hakufa, alikiona kikishuka."

"Alikiona."

"Sasa," mama akasema, "jioni hiyo watakula vipi chungu kimoja?"

Nguo zilipepea uani. Bi Masizi alihisi kizunguzungu kitamu, kama mtu aliyeweka mguu akitegemea sakafu akakuta ngazi nyingine chini yake, na nyingine tena. Kumbe kifo kilikuwa njia ya mkato. Mzee angekufa, binti angelia, msomaji angelia, na kosa la binti lingezikwa pamoja na maiti. Lakini mzee akiwa hai, amekaa ng'ambo ya moto, anamwangalia aliyekuwa tayari kumchinja kwa ajili ya uongo wa adui, na kesho yake bado inabidi ambebee taa: hilo swali hakuwahi kulisogelea. Alisimama bila sababu, akazunguka kamba ya nguo, akarudi.

"Bwana Nukta," akasema, "ulichofanya ni kibaya, na sitakuambia vingine kwa sababu kimezaa kizuri. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Vizuri. Umemwokoa mtu. Anayeokoa hulea. Kitabu cha nne utakaa na mimi mpaka tujue huyo mzee anakula nini, analala wapi na anamwitaje yule binti asubuhi. Na chui hapana."

"Chui hapana," akakubali.

"Na samaki," mama akasema. "Ingawa samaki alinichekesha."

Wiki chache baadaye Bi Masizi aliwaita wasomaji tena pale maktaba, akasimama mbele ya kile kipaza sauti chenye mluzi, akawaambia kweli: neno lile halikuwa lake, yeye aliandika *akafa*, na ameamua kulikubali *hakufa* kwa hiari yake. Hakumtaja aliyelibadilisha, lakini Bwana Nukta alisimama mwenyewe kutoka kiti cha pembeni, akasema ni yeye na kwamba anaomba radhi, akakaa haraka sana hata kiti kikalia. Wapo waliomzomea. Dereva wa lori alivuka safu mbili kwenda kumpa mkono. Mwalimu mstaafu alitoa nakala yake, akaonyesha jinsi alivyolikata neno kwa wino wa bluu na kuandika *akafa* juu yake, akasema hii ndiyo nakala sahihi pekee nchini. Bi Masizi akaitia sahihi kwa furaha, chini kabisa ya lile rekebisho, akamwambia aje amzomee kitabu cha nne kitakapotoka.

Mchapishaji hakumfukuza mtu. Vitabu vilikuwa vimekwisha madukani, na mtu mwenye akili hamfukuzi kuku anayetaga hata kama anataga penye kitanda cha mwenye nyumba. Ila alitoa adhabu yake: kwa mwaka mzima Bwana Nukta asahihishe vitabu vya hisabati peke yake, ambamo hakuna mtu wa kumwokoa. Akazipokea hesabu hizo kwa unyenyekevu, na inasemekana aliwahi kupiga simu kwa mtunzi kuuliza kama kweli ni lazima yule mfanyabiashara wa maembe apate hasara.

Jioni zake alizitoa kwa kitabu cha nne. Walikaa uani kwa mama, meza ya kukunja katikati, nguo zikiwapigapiga vichwa. Mdogo wake Bi Masizi alianza kuja naye, akidai anakuja kumsuka mama tu, lakini mara ya pili tayari alikuwa anagomba.

"Binti aombe radhi," msusi alisema, chanuo mdomoni. "Mambo yaishe."

"Akiomba upesi hivyo, anaomba ili alale," mama akasema kutoka kati ya magoti yake. "Mwache kwanza asipate usingizi."

"Mzee amsamehe lakini?"

"Amsamehe siku moja, kesho yake akasirike upya. Mimi na marehemu tuliishi hivyo miaka yote, na tulipendana."

Bi Masizi aliandika mbio, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Bwana Nukta alisoma kwa sauti kila ukurasa ulipokwisha, kwa ile sauti yake ya kutokanyaga kitu. Walipofika mahali ambapo mzee, baada ya siku nyingi za ukimya, anamwambia binti kwamba magoti yanamuuma, na binti anajua kwamba hilo tu, kulalamika mbele yake tena, ndio mlango umefunguliwa kidogo, Bwana Nukta alisimama katikati ya sentensi. Akajaribu tena. Akashindwa tena.

"Lete nisome mimi," Bi Masizi akasema, lakini naye hakufika mbali. Wakatazamana, wote wawili pua zimewaloa, wakaanza kucheka.

Mvua nyepesi ilianza kunyunyiza. Wakaondoa nguo kambani wote kwa pamoja, wakakimbiza meza ndani, mama akitoa amri kwa watu aliowasikia tu. Ilipopungua, Bwana Nukta alimsindikiza Bi Masizi mpaka barabarani. Mdogo mtu alijitia amesahau chanuo, akarudi ndani, na hakuonekana kuwa na haraka ya kutoka.

"Nina swali," Bwana Nukta akasema. "Si la kitabu."

"Uliza."

Akafungua kifungo cha kooni, kile ambacho hakuna aliyewahi kukiona kimefunguliwa. "Kesho hakuna kazi kiwandani. Ningependa tutembee. Bila kuandika chochote."

"Tutembee kwenda wapi?"

"Sijafika huko," akasema. "Nilifikiri utakataa hapo mwanzoni."

Alikubali. Alijaribu kukubali kwa heshima ya umri wake, lakini jibu lilitoka upesi kiasi kwamba mwanamume alirudi nyuma hatua moja. Kisha Bi Masizi akashika njia peke yake, viatu mkononi kwa sababu ya matope, akiimba wimbo ambao hata hakuujua maneno. Alipita saluni, akapita mlango wa kwake, akapita duka la kona, na alikuwa ameshafika kwa fundi baiskeli ndipo fundi mwenyewe alipomwita kutoka kibandani.

"Bi Masizi, unakwenda wapi huko?"

Akasimama, akatazama kulia na kushoto. "Sijui," akamjibu kwa uchangamfu mkubwa, na akaendelea mbele kidogo kabla ya kugeuka.